Bwana Mifugo na Farasi Wake Likizo

Bwana Mifugo hakuwahi kugusa farasi maishani mwake, na hilo halikumzuia hata siku moja kunigombeza kuhusu farasi. Alikuwa amechoma sindano ng'ombe, mbuzi, punda, nguruwe na mbwa wa Ufipa yote mpaka serikali ikamstaafisha, lakini farasi alimjua kwa picha tu, sawa na mimi. Tulizoeana kwa sababu ya farasi wa kwenye kompyuta. Watu wakisikia hivyo wanacheka, na waache wacheke, maana hata mkewe alicheka mpaka akaketi chini.

Jina lake nalijua, na nusu ya mtaa wetu wa Chanji, hapa Sumbawanga, inalijua, ila sikumwita kwa jina hata mara moja na sitaanza leo. Aliacha kazi, cheo kikabaki. Nikitaka kueleza alivyokuwa siwezi kuukwepa mguu wake wa kulia, kwa sababu katika mwaka wake wa mwisho hapa mjini mguu ule ulikuwa unaoza huku yeye anawaza mashindano, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa chumba chenye kompyuta. Angewahi hospitali, angepoteza kidole. Angechelewa kidogo, angepoteza mguu. Angechelewa zaidi tungemzika. Hilo tulilijua sote, naye alilijua kuliko sisi.

Mimi nina steshenari: fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua, kulaminisha vyeti. Kwetu ni watu wa malori na vipuri, kaka zangu wote wako huko, lakini mimi nilikataa kushinda na oili mikononi, wakaniachia chumba cha mbele cha nyumba ya baba kinachotazama barabara. Mchana wateja wakipungua nafungua mchezo wangu. Ni mchezo wa farasi, unachezwa na watu wa nchi nyingi kwa wakati mmoja. Unakuwa na farasi wako, unamlisha, unamsugua, unamfundisha, na kila mwezi kuna mashindano ya mbio za nyika. Hapo farasi anakimbizwa porini, kupanda na kushuka, na njiani kuna vizuizi vya kuruka: magogo, mitaro, kuta za mawe, vidimbwi. Kila kizuizi kina bendera mbili, nyekundu kulia na nyeupe kushoto, nawe lazima upite katikati yake. Ukipita pembeni umetolewa, ukianguka umetolewa, ukichelewa unakatwa alama. Timu ni watu watatu, na alama zao zinajumlishwa.

Alikuja kwangu kupiga picha za pasipoti kwa ajili ya mambo ya pensheni. Nilikuwa katikati ya mbio, nikamwomba asubiri kidogo, akasimama nyuma yangu na mabuti yake ya mpira.

"Huyo mnyama umemchosha," akasema.

"Shikamoo mzee. Ni mchezo tu."

"Marahaba. Naona ni mchezo. Ndiyo umchoshe?"

Akavuta kiti bila kukaribishwa. Akaniambia nipunguze mwendo, nimpitishe kushoto ambako majani ni mafupi, anayajua majani yeye. Nilimtii kwa heshima ya umri. Farasi akatumbukia kwenye kidimbwi, mpandaji wangu akaruka kichwa chini, tukatolewa. Bwana Mifugo akaitazama skrini kwa muda, akasema, "Basi huyo alikuwa na homa tangu asubuhi." Kesho yake alirudi, na picha alikuwa ameshachukua.

Nilipomfungulia ukurasa wake alichagua farasi wa rangi ya kahawia mwenye paji jeupe, asiye mzuri wala wa kasi. Wale wazuri alisema wamelishwa kwa ajili ya maonyesho. Akamwita Likizo, kwa sababu ndicho kitu alichokiomba ofisini miaka yote, wakawa wanamwambia asubiri. Alicheza kwa vidole viwili, miwani imeshuka puani, na kila alipokaribia gogo alimsemesha farasi kwa Kifipa, taratibu, kama mtu anayembembeleza maksai atoke kwenye tope. Nilimweleza kwamba kompyuta haimsikii. "Sisemi na kompyuta," akanijibu. Wateja waliokuja kufotokopi vyeti walidhani ananigombeza mimi, na wengine waliniombea msamaha.

Alikuja kila asubuhi, baada ya misa ya kwanza, kumlisha Likizo kabla yeye hajanywa chai. Miezi ya baridi, upepo wa Sumbawanga ukivuma mpaka mabati yanalia, alikuja vilevile, koti la kaki limefungwa hadi shingoni na kofia ya sufu imefika kwenye nyusi. Umeme ukikatika alikaa kwenye benchi langu la nje kusubiri. Nikimwambia aende nyumbani, farasi hafi kwa kukosa majani ya asubuhi moja, ananitazama kama nimesema neno la aibu mbele ya watoto. "Mnyama hajui habari za umeme," anasema. Yeye mwenyewe alikula hovyo. Kisukari alikuwa nacho siku nyingi, na mkewe alimpikia ugali wa ulezi na mboga za majani kama alivyoelekezwa, lakini soda alikunywa kwangu, amegeukia ukutani. Nilipoacha kuweka soda dukani akawa anakuja nayo kwenye mfuko wa koti.

Neno lake kubwa lilikuwa "tuanze na miguu". Ndivyo alivyofundishwa kumkagua mnyama, kwato kwanza, halafu magoti, ndipo uende huko juu. Akaligeuza kuwa neno la kila kitu. Mteja akija na barua aliyoandikiwa na mtu, Bwana Mifugo aliisoma kuanzia sahihi akipanda juu. Mgombea udiwani alipopita kutusalimia, alitazamwa viatu kabla ya kupewa mkono. Na kabla ya kila mashindano Bwana Mifugo alitembea. Mchezo unaruhusu kuipita njia nzima kwa miguu, bila farasi, ili ujue kilichoko mbele, lakini nani ana subira hiyo? Mimi nilikuwa natazama ramani tu. Yeye alimtembeza yule mtu wake wa kwenye skrini gogo kwa gogo, anasimama, anarudi nyuma, anainama kuangalia udongo ambao ni rangi tupu. Mchana mzima ulikuwa unaishia hapo. Siku ya mashindano alikuwa wa mwisho kwa kasi, lakini ilikuwa nadra sana kumwona ameanguka, na timu inayotaka kufika mbali inahitaji mtu wa namna hiyo.

Wa tatu wetu alikuwa kijana ambaye hatujawahi kumwona kwa macho, tukimwita Wa Tabora kwa sababu ndiko aliko. Mtandao wake ulikuwa mbovu, na farasi wake alionekana kwetu akikimbia kwa kurukaruka, anaganda, anatokea mbele. Bwana Mifugo alimwangalia siku ya kwanza akasema farasi yule anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Nikamweleza habari za mtandao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akaniambia nimwandikie kijana ampumzishe mnyama wiki moja.

Kulikuwa na kisa cha matuta, na hicho siwezi kukiacha. Waandaaji walituwekea njia mpya, na katikati yake eneo kubwa la vilima vidogo vya udongo, vya mviringo, vimepangwa mistari, majani yameota juu. Farasi alitakiwa apande kimoja, ashuke, apande kingine. Jamani, anayeijua Ufipa anajua yale ni nini. Mvua zikielekea ukingoni watu hukata nyasi na kuzifukia kwa udongo, wakafanya matuta ya mviringo kama yale shamba zima, juu wakapanda maharage, na msimu unaofuata wanayatawanya yawe mbolea ya mahindi au ulezi. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Kupitisha mnyama juu ya matuta ya mtu ni ugomvi wa kufika kwa mwenyekiti wa kijiji, na Bwana Mifugo alikuwa amesuluhisha ugomvi huo sijui mara ngapi.

Alifika pale na Likizo, akasimama. Muda unakimbia. Kisha akalizunguka shamba lote kwa pembeni, polepole, akatokea upande wa pili, akaendelea na safari. Mchezo ukamtoa palepale.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Nilikuwa karibu kulia.

"Yale matuta ya watu."

"Hakuna watu, Bwana Mifugo. Yamewekwa ya kurukia."

"Nani kakwambia? Umeongea na mwenye shamba?"

Wa Tabora akaandika maneno ambayo sikumsomea mzee. Tulishuka mpaka mkiani mwa msimamo. Matuta yaliporudi mwezi uliofuata Bwana Mifugo aliyaruka, lakini alipita yale ya pembeni tu, karibu kabisa na bendera, ambayo kwa maoni yake yalikuwa hayajapandwa. Nilimwacha apite anakotaka.

Baadaye tulianza kupanda kwenye msimamo. Watanzania wengine wanaocheza walipojua tunatoka wapi, wakaanza utani wao wa siku zote, kwamba kwetu ni kwa wachawi. Sumbawanga, eti? Hao hawarukishi farasi, wanamrusha kwa ungo. Mimi utani huo ulinichosha tangu nikiwa chuoni Dodoma, nikataka kujibu kwa ukali. Bwana Mifugo akaomba kibodi. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akisoma kwa sauti: "Tungekuwa na uwezo huo tusingekuwa tunagombea viti kwenye basi." Walicheka hata wale waliotusimanga. Alifurahi siku nzima, akawa anawasimulia wateja wangu mmoja mmoja.

Lakini mtu asidhani kwamba alikuwa mpole. Huko vijijini wako watu ambao mpaka leo hawamtaji vizuri. Kazi yake ilikuwa pia kusema huyu mnyama hafai, achinjwe, na akishasema hakurudi nyuma. Mtu mmoja wa Kaoze alikuwa na maksai aliyevunjika mguu msimu wa kulima ukiwa ndiyo unaanza. Alikuwa na huyo na mwenzake tu, na maksai mmoja hawezi kuvuta jembe la kukokotwa peke yake. Yule bwana akapiga magoti, akaomba wiki moja afunge vijiti, ajaribu. Bwana Mifugo akamwambia, "Kila siku unayomwongezea ni ya kwako, si ya ng'ombe." Maksai akachinjwa siku hiyohiyo. Mwenyewe alinisimulia, na hakujitetea. Mkewe ndiye aliyeongeza kwamba aliporudi nyumbani siku ile hakula nyama, na hakuila kwa muda mrefu, akisingizia meno.

Nyumba zetu zilikuwa zimekaribiana kwa sababu yake. Idd alikuja na jogoo, amemshika miguu kwa namna ya kitaalamu, na Krismasi mama yangu alipeleka sinia la pilau kwao. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache na kicheko kirefu, akinitania kwamba nimemwoza mumewe mke wa pili mwenye mkia. Nilimpenda yule mama, na nadhani hata yeye alinipenda.

Mguu ulianza na mabuti. Buti la kulia lilipasuka kwa ndani, likamchubua kidole gumba shambani, naye kwa sababu ya kisukari hakusikia maumivu. Alipokiona kidonda, unajua alifanya nini? Alichukua dawa ya kupulizia vidonda vya ng'ombe, ile ya rangi ya zambarau, iliyobaki kwenye mkoba wake wa kazi, akajipulizia. Soksi zake zote zikawa zambarau, mkewe akadhani ni wino wa mashine zangu. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafokea wafugaji kwa kuficha ugonjwa alikificha kidole chake ndani ya buti la mpira wiki nyingi, akiamini kinachomponya ndama kitamponya na yeye. Nilimwambia huo ni ujinga, wallahi nilitumia neno hilohilo. Akasema dawa ile ameiona ikifunga vidonda vikubwa kuliko hicho.

Hatimaye alipokwenda hospitali, daktari alimwambia kidole kikatwe. Alitoka hospitali akapitia kwangu kumlisha Likizo, akanieleza kwa sauti ya kawaida, akamalizia, "Nitaenda baada ya mashindano." Mashindano yalikuwa Jumamosi ile, nikaona si neno. Yakaisha, akasema Likizo amechoka, amwangalie kwanza. Mwezi mwingine ukaja na mashindano mengine. Alipokubali kurudi kuonesha tu, daktari hakuzungumzia kidole tena, alizungumzia kukata mpaka kwenye kifundo. Naye akasema baada ya fainali. Tulikuwa tumeingia fainali ya msimu, sisi wa Chanji na yule wa Tabora, katikati ya watu ambao wengine wana farasi wa kweli mabandani kwao, na tuliingia kwa sababu ya Bwana Mifugo.

Siku moja, akimsugua Likizo kwa kipanya cha kompyuta, aliniuliza bila kugeuka, "Hivi mguu wakishaukata, wanaupeleka wapi?"

Sikujua. Nikasema nadhani ndugu wanapewa wakauzike.

"Uzikwe na nani? Na sala isomwe?"

"Sijui, Bwana Mifugo. Muulize padri."

"Padri atacheka," akasema, akaendelea kusugua.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa. Siku zote nilikuwa nimedhani ni ubishi. Nilitamani kumshika mkono, lakini binti wa kwetu hamshiki mzee wa watu mkono hivihivi, nikaenda kuwasha mashine ya fotokopi isiyokuwa na kazi.

Juma la fainali mkewe alikuja peke yake, amejitanda kitenge kwa ajili ya baridi. Hakutaka kukaa. "Mwanangu, nimehamia chumba cha watoto," akasema. "Harufu." Nikamwambia hata mimi naisikia, ndiyo maana nachoma udi asubuhi kabla hajafika. Akasema padri ameshamwomba, wanawe wamempigia simu, na daktari amemwambia akija wiki ijayo asimtafute yeye, amtafute fundi wa majeneza. "Mimi ananiitikia ndiyo, halafu anavaa buti anakuja huku. Anayemsikiliza ni huyo farasi wenu." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikaa siku nzima nikiwaza, na jioni nikamwomba kaka yangu gari.

Jumamosi Bwana Mifugo alipofika, gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, kaka yangu ndani yake. Mimi nilikuwa nimeweka kiti mlangoni.

"Shikamoo Bwana Mifugo. Leo sikufungulii kompyuta."

"Marahaba. Umeme hakuna?"

"Umeme upo. Na gari hilo hapo, linakusubiri wewe, liende hospitali."

Akalitazama gari. "Fainali ni saa kumi. Saa kumi na moja nimemaliza, twende."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita haikuwa fainali."

"Yule mtu wa Kaoze alikuomba wiki moja. Ulimwambia nini?"

Niliona taya zinacheza. "Yule alikuwa ng'ombe," akasema.

"Ndiyo. Na ulimwonea huruma kuliko unavyomwonea mama anayelala chumba cha watoto."

"Binti, usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi. Nakufungia mlango. Likizo humgusi mpaka umekwenda."

Sidhani kama kuna mtu wa umri wangu aliyewahi kusema naye vile. Kaka yangu pale garini aliinamisha kichwa kwa aibu. Bwana Mifugo hakuondoka, na gari hakupanda. Aligeuka akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akawa anatazama barabara. Nikaingia, nikafunga kwa ndani. Mchana ukapita hivyo, yeye nje, mimi ndani, wateja wakigonga na kuondoka.

Saa kumi ikafika. Timu yenye watu wawili inaruhusiwa kushindana, ila nafasi ya wa tatu inahesabiwa kama aliyetolewa, kwa hiyo hata turuke namna gani tulikuwa tumeshashindwa. Wa Tabora akaandika: mzee yuko wapi? Sikumjibu. Nikafungua sauti ya spika mpaka mwisho, ili kule nje asikie kwato. Sijui kama nilikuwa namkomoa au nampa kitu, labda vyote viwili. Nilipanda vibaya, kwa hasira, huku nalia na skrini siioni vizuri. Nilipokaribia mtaro wa mwisho sauti ikaja kutoka upande wa pili wa dirisha, tulivu kabisa.

"Punguza mwendo."

Sikupunguza, nikaanguka.

Nikasikia benchi linalia, halafu hatua za mabuti, moja zito na moja jepesi, halafu mlango wa gari. Kaka yangu akawasha wakaenda. Mpaka leo sijui kama nilimshinda yule mzee au alikaa pale mpaka fainali iishe, kama alivyokuwa amesema tangu mwanzo.

Walimkata chini ya goti. Daktari alisema wangengoja mpaka Jumatatu asingekuwa na mtu wa kumkata. Mguu wanawe waliuchukua, wakauzika makaburini kwao kijijini, padri akasali, na hakuna aliyecheka. Nilikwenda wodini na uji kwenye chupa, Bwana Mifugo akageukia ukutani. Nikaenda tena, ikawa vilevile. Mkewe akanisindikiza mpaka getini, akaniambia nimpe muda. Nikarudi dukani kwangu, na kila asubuhi, kabla sijawasha mashine nyingine yoyote, nilimlisha Likizo.

Kidonda kilipopona walihama. Walikwenda kuishi kwa binti yao Ilemba, huko bondeni, kwa sababu baridi ya huku juu ilikuwa inamtafuna kwenye kigutu. Hakuaga. Nilikaa na jambo hilo msimu mzima, na baada ya mavuno nikapanda basi, kompyuta mpakato nimeipakata kama jina lake. Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni nilivua sweta, na tulipofika chini nilikuwa natafuta cha kujipepea.

Nilimkuta uani, kwenye kiti, suruali upande mmoja imekunjwa na kubanwa kwa pini. Jirani alikuwa amemletea mbuzi. Bwana Mifugo aliniona, akaendelea na mbuzi. Alimgeuza, akambonyeza tumbo, akamwelekeza mama wa watu dawa ya kununua. Alipomaliza ndipo akaitikia salamu yangu.

"Marahaba. Anakula?"

"Anakula. Nimemlisha kila siku. Umeme ukikatika naenda kwa kaka mwenye jenereta."

"Umemkimbiza?"

"Sijampanda. Hajapandwa na mtu."

Akaitikia kwa kichwa. Mkewe akaleta maji na viazi, akanikumbatia mbele yake, akakaa karibu nami kwenye mkeka. Nikafungua kompyuta. Mtandao wa pale ni wa kuvizia, Likizo akatokea vipande vipande, na Bwana Mifugo akaisogeza skrini karibu na pua, akamkagua kuanzia kwato akipanda juu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikaona hakuna haja ya kuzunguka.

"Bwana Mifugo, bado una hasira na mimi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mguu nilikusamehe siku ileile," akasema. "Kwenye gari, hata hospitali hatujafika."

"Na fainali?"

"Hiyo bado."

"Ningefunga tena," nikamwambia. "Ujue hivyo. Hata leo ningefunga."

"Najua. Ndiyo maana bado." Akairudisha miwani puani. "Utakuwa unakuja. Tutazungumza mpaka yaishe."

Nilikwenda kila nilipopata nafasi, kwa muda wote aliobakiwa nao. Tulizungumza habari za farasi, mbuzi na mvua, na kila nilipoaga nilimuuliza kuhusu fainali. Hakuwahi kusema yameisha.